Nipe Mji: Watoto, Mchezo na Elimu ya Chuoni

Alhamisi moja ya likizo ya Disemba, baada ya sala ya alasiri, maalim wa chuo cha mtaani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, alimtuma mjukuu wake aje aniite. Nilimkuta amejinyoosha kitandani, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini, kwani alikuwa ameteleza ngazini. Hata kabla sijamaliza kumpa pole alinambia: "Bwana wee, wale watoto watakaa majumbani wiki tatu nzima, mato kwenye simu. Wewe wajiita mshairi. Nishikie chuo, angaa asubuhi za Jumamosi na Jumapili."

Nilikubali upesi, na upesi huo ulikuwa wa ujinga. Nilidhani kufundisha watoto ni jambo dogo kwa mtu aliyetunga mashairi miaka thalathini na kuandika gazetini karibu miaka hiyo hiyo. Wala sikujua kwamba mtu aweza kunyamazisha ukumbi mzima wa watu wazima kwa beti tano, kisha akashindwa na kitoto cha miaka mitano kilichoamua kuimba wimbo wa tangazo la sabuni.

Kabla sijaendelea, wasomaji wapenzi, nataka niseme nilikotoka, ili mjue ni kwa nini jambo hili liliniingia moyoni. Mimi ni mtoto wa chuo. Miaka ya sabini tuliketi jamvini, juzuu mapajani, mabega yamegusana, kila mmoja akisoma sabaki yake kwa sauti kuu, na sauti zote zikachanganyika zikawa uvumi mmoja kama wa nyuki. Maalim wetu wa siku hizo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na henzerani ndefu iliyoweza kumfikia mtoto wa safu ya mwisho bila yeye kuinuka pale alipo. Nilihitimu. Nashukuru nilihitimu, na yale niliyoyahifadhi ndiyo ninayosalia hadi leo. Simlaumu mtu.

Lakini alikuwako mwenzangu niliyekuwa nikiketi naye ubavu kwa ubavu. Huyu hakuwa na mfano kwa vitendawili. Usiku tukikusanyika kibarazani kwa nyanya, yeye ndiye aliyekuwa akitunyang'anya miji yote, kuanzia Vanga mpaka Kiunga. Chuoni, hata hivyo, herufi zilimchanganya. Hakuweza kuitenga jimu na kha, wala hakupata mtu wa kumwonyesha tofauti ila kwa fimbo. Siku moja alitiwa falaka mbele yetu sote. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Akaenda kusomea ubaharia majahazini, na sasa ni mzee mwenye wajukuu kama mimi. Kila Ramadhani huja kwangu, taratibu, jioni watu wakiwa wachache, akaniomba nimsomee Yasini marehemu mamake. Yeye hawezi. Nami kila nikimsomea huwa najiuliza: mtu aliyeweza kufumbua fumbo lolote la mtaani alishindwa vipi na nukta tatu?

SIKU YA KWANZA

Basi Jumamosi ikafika. Niliwakuta watoto arubaini na zaidi, wa miaka mitano hadi kumi na miwili, nikawaketisha duara moja kubwa kama pete. Nikaona fahari. Nikatangaza mashindano: nitatega kitendawili, atakayeshindwa kujibu atatoka duarani, na atakayebaki mwisho atapata kashata.

Dakika kumi hazikuisha, duara lilikuwa limebaki na vijana sita wakubwa, wale wale ambao hata bila mimi wangejua. Thelathini na wengine walikuwa ukutani, wengine wakivutana kanzu, wengine wakilia, na mmoja, sitamtaja jina, alikuwa ameshatoka nje kununua mabuyu. Aliyeshinda alikula kashata yake peke yake, wenzake wakimtazama mdomoni.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifahamu kwamba nimefanya jambo la kipuuzi: niliwatoa mchezoni wale wale waliohitaji kucheza. Mtoto aliye mwepesi hana haja ya zamu nyingi. Aliye mzito ndiye anayezihitaji, nami nilimpa moja kisha nikamfukuza. Tangu siku ile sijaweka mchezo wa kutoana tena. Ukishindwa, wabaki hapo hapo, mwenzio akusaidie, nawe zamu ijayo utega wewe.

Jambo la pili nililojifunza ni hesabu ya watu. Watoto arubaini hawafanyi duara, wafanya soko. Niliwagawa makundi ya saba saba au wanane wanane, wadogo kwa wakubwa pamoja, na kila kundi likapewa jamvi lake. Wale vijana sita wajuzi niliwatawanya, mmoja mmoja kila jamvi, nikawaambia kazi yao si kujibu bali ni kuhakikisha kila mdogo amejibu. Wallahi walibadilika siku ile ile. Yule aliyekula kashata peke yake ndiye sasa aliyekuwa akininong'onezea, "Maalim, huyu bado hajapata zamu."

Tena muda. Mchezo mmoja usizidi robo saa. Ukiona watoto wamekolea mno na wanapiga kelele za furaha, hapo ndipo pa kuukata, wakiwa bado na hamu nao. Ukingoja wachoke wenyewe, kesho hawautaki.

NUKTA ZA UKWAJU

Vifaa havikunigharimu hata shilingi mia. Niliomba vifuu kwa jirani yangu mmoja anayekuna nazi za kuuza, nikakusanya kokwa za ukwaju jikoni kwangu, komwe nikazitoa katika bao la marehemu baba, zote sitini na nne, na kombe za pwani wakaleta watoto wenyewe.

Tulianza na herufi. Kila mwenye kusoma chuoni anajua kwamba be, te na the zina umbo moja, kama kidau, na tofauti yao ni nukta tu: be ina moja chini, te mbili juu, the tatu juu. Basi kila jamvi nilitandaza mchanga katika sinia, mtoto mmoja akachora kidau kwa kidole, wenzake wakapewa kokwa za ukwaju. Nikiita herufi, wao waweke nukta mahala pake. Jimu, ha na kha ndivyo hivyo: jimu nukta tumboni, kha nukta kichwani, ha haina kitu. Walipoizoea sinia tuliinuka tukaenda uani. Huko watoto wenyewe wakawa herufi: mmoja anajilaza amejikunja kama kidau, wengine wanakuwa nukta, wakichutama miguuni pake ikiwa be, wakisimama upande wa kichwani ikiwa te. Nikiita "The!" utawaona watatu wanakimbilia juu huku wakisukumana, na aliyechelewa anaitwa na wenzake, "Nukta yetu yapotea, ndoo hapa!"

Siku ile nilimkumbuka sana mwenzangu yule wa majahazini.

Mchezo ulionipendeza zaidi lakini ni ule wetu wa asili, nao ni vitendawili vyenyewe, ila niliutia nyongeza kidogo. Msomaji ajua kanuni yake. Mtegaji husema "Kitendawili!" nao humwitikia "Tega!" Wakishindwa, yeye husema "Nipe mji," wakampa mji, naye akenda akarudi, ndipo akawafumbulia. Nyongeza yangu ilikuwa hii: mji hautolewi bure. Anayetoa lazima aseme uko wapi na una nini, na anayeupokea lazima aseme ataingia kwa ndia gani, ya bara ama ya bahari. Aliyetoa Gede alisema kuna magofu msituni, karibu na Watamu. Aliyetoa Takaungu hakujua la kusema, nikapata nafasi ya kuwasimulia jinsi Mazrui walivyohamia huko baada ya kuondolewa Mombasa mwaka wa 1837. Aliyepewa Wasini alikataa kwenda kwa miguu, akasema atapanda mashua pale Shimoni. Nikasema, huyu keshajua jiografia. Ugomvi ulizuka mara moja tu, watoto wawili walipoutaka Mombasa kwa wakati mmoja. Tuliwapatanisha kwa kumpa mmoja kisiwa na mwengine Likoni, na kivuko wakaambiwa ni cha shirika.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya kitoto. Muyaka bin Haji, mshairi wetu mkuu wa Mvita aliyefariki mwaka wa 1840, alisifika kwa mafumbo, na washairi wa pwani hii hadi leo hufumbiana na kujibizana. Anayetegwa kitendawili akiwa na miaka sita anafunzwa kulitazama neno upande wake wa ndani.

HOJA YA BARAZANI

Habari hazikukaa. Wiki ya pili, natoka msikitini baada ya magharibi, mzee mmoja wa baraza letu alinishika mkono. "Nasikia chuo umekigeuza uwanja," aliniambia. "Watoto walala chini wakikanyagana, ati ndio alifu-be-te. Sisi hatukusoma hivyo, na tulisoma."

Nilimheshimu, kwani ni mtu wa umri wa baba yangu, na katika maneno yake kulikuwa na haki. Nikamjibu kwa yale ninayoyajua. Nilimkumbusha ile hadithi sahihi ya mtoto Abu Umair, aliyekuwa na ndege wake mdogo wa kumchezea, na Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa akimtania kwa kumuuliza habari za ndege yule. Nilimkumbusha pia kwamba Mtume alisali huku amembeba mjukuu wake wa kike, Umama, akisujudu humweka chini na akisimama humbeba. Nikamwambia kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, ameandika katika Ihya kwamba mtoto akishatoka chuoni apewe ruhusa ya mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwani kumzuia mchezo na kumchosha kwa masomo daima huufisha moyo wake. Na Ibn Khaldun, karne tatu baadaye, akaonya katika Mukadima yake kwamba ukali wa mwalimu humfundisha mtoto uongo na hila.

Mzee alininyamazia kidogo, kisha akasema, "Ghazali kasema akishatoka chuoni. Hakusema ndani."

Hapo alinipata, na sina budi kukiri. Nikamweleza mpaka niliouweka: Kurani yenyewe haichezewi. Msahafu ukifunguliwa, watoto wametawadha, wameketi kwa adabu, na aya husomwa kama ilivyosomwa siku zote. Mtezo ni wa herufi, wa hesabu, wa Kiswahili, wa kujua nchi yao, na una saa yake. Hakusema ndiyo wala la. Alisema tu, "Wata watoto wateze basi, lakini jamvi lisichanike."

Tena si jambo geni kwetu, ijapokuwa wengi wamesahau. Mwaka wa 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha hapa Mombasa gazeti lake la Al-Islah, na kila mara alikuwa akiwahimiza Waislamu wasiache elimu ya dunia wala ya dini. Miaka ya themanini, viongozi wa Kiislamu wa Pwani walipoona watoto wetu wanafika darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, walimwendea Aga Khan kumwomba msaada, na hapo ukazaliwa mpango wa shule za chekechea zilizoshikamana na madrasa. Aliyeusimamia tangu mwanzo ni mwalimu Bi Swafiya Said. Mpango ulianzia hapa Mombasa, kisha ukavuka ukaenda Unguja na Uganda. Nilikwenda kuitazama moja ya shule hizo zamani, nikaona vifuu, makumbi, vitambaa na magunzi yamepangwa vizuri penye kimo cha mtoto, na mabinti wa mtaa ule ule waliofunzwa ualimu wamechutama chini wakizungumza na watoto mato kwa mato. Njia yenyewe ya kufundisha iliazimwa Marekani, katika mji wa Ypsilanti, alikokuwa mtaalamu David Weikart: mtoto hupanga atakalofanya, hulifanya, kisha huketi na wenzake akaeleza alichofanya. Ila ilivishwa kanzu na buibui zetu, ikaingizwa sala, dua na hadithi za nyanya, ikawa yetu. Hilo la mwisho, la mtoto kueleza mwenyewe alichofanya, nililiiba nikalitia katika jumamosi zangu. Robo saa ya mwisho kila jamvi humtoa mmoja aseme wamefanya nini. Nawashauri wenye vyuo walijaribu kabla ya mengine yote.

BINTI WA JAMVI LA TATU

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike makala haya.

Jamvi la tatu alikuwako binti wa miaka sita. Tangu aje chuoni, miezi mitano, hakupata kufungua mdomo. Hakuwa bubu, nyumbani husema, lakini chuoni hata salamu huijibu kwa kichwa. Maalim alimvumilia. Baba yake lakini alikuwa amechoka. Wiki ile ya pili alikuja kunishika faragha, mtu wa kazi, mikono imejaa simiti. "Maalim, huyu mtoto mzito. Nalipa ada, hasomi. Mwisho wa mwezi namtoa, akakae na nyanyake shamba, amsaidie kuchota maji." Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayehesabu pesa zake akaona hazitoshi.

Nilimwomba anipe mpaka Jumapili ya mwisho. Yeye akasema haya, ila nilimwona kwamba anasema haya ya kunistahi.

Sikumlazimisha binti yule kusema. Nimeshaona watoto waliolazimishwa. Nilimpa kazi ya kugawa kokwa za ukwaju, nikaona kwamba hakosi hesabu. Mtoto akihitaji tatu, yeye anampa tatu hata kabla hajaomba. Nikajua masikio yapo na akili ipo, kilichokosekana ni mlango.

Jumamosi iliyofuata tulicheza vina. Mchezo huu ni wangu mwenyewe. Natoa kipande cha mizani nane, nao waniletee kipande kingine cha mizani nane chenye kina kile kile, wakihesabu mizani kwa vidole vya mikono miwili, ukiacha vidole gumba. Nikaanza:

*Paka wetu wa jikoni*

Kijana mmoja akarukia:

*Kala papa wa chunguni*

Wakashangilia. Wakawa wanatafuta cha tatu, wengine mizani imepungua, wengine kina kimewakimbia. Mara nikasikia kisauti chembamba nyuma ya sinia la mchanga, vidole vinane vimenyooshwa:

*Paka siye, ni jirani*

Naapa sikuwahi kusikia kicheko kama kile chuoni. Hata yule mpika kashata wa nje alichungulia dirishani kuuliza kuna nini. Mizani nane kamili, kina *ni*, na kijembe ndani yake! Binti mwenyewe alijifunika uso kwa mtandio, na siku ile hakusema tena.

Jumapili ya mwisho ilifika. Baba yake alikuja mapema kuliko nilivyotarajia, akasimama mlangoni, viatu mkononi, kama mtu asiyejua kama ataingia ama ataondoka. Tulikuwa katika vitendawili. Sikumgeukia, wala sikumwambia binti kwamba baba yuko. Zamu ikazunguka ikamfikia. Wenzake walishazoea kumruka, lakini yule kijana wa kashata alisema, "Ngojeni. Hajapata zamu."

Kimya. Kisha binti akasema, "Kitendawili."

"Tega!"

"Yuko chuoni siku zote, asikia yote, hasemi."

Watoto ni watoto. Kitoto kimoja kikapaza sauti, "Ni wewe!" Nilihisi moyo wangu umesimama. Wengine wakacheka, nikamwona baba ameinamisha kichwa. Binti hakulia. Alitikisa kichwa mara mbili, akangoja. Mmoja akasema msahafu, mwengine akasema ukuta, wa tatu akasema paka wa Maalim. Yeye anatikisa kichwa tu. Wakanigeukia mimi, nami sikujua, nasema kweli yangu.

"Nipeni mji," akasema.

Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa niliyeshindwa, nilimpa kikubwa kuliko vyote. Nikampa Mombasa, na bandari yake na Ngome ya Yesu na kisiwa chote.

"Mombasa kelele," akajibu. "Nataka Siyu."

Nikampa Siyu. Nikasema uko kisiwa cha Pate, una ngome yake na mafundi wake wa makubadhi. Nikamuuliza atakwenda kwa ndia gani. Akasema kwa bahari, kwa sababu hata gari likifika Mokowe lazima lishuke watu. Sikujua alilipata wapi jambo hilo. Baadaye nikaambiwa nyanya yake ni mtu wa huko.

"Haya, umekwenda umerudi. Ni nini hicho kilichoko chuoni, kisikiacho yote, kisichosema?"

Alipiga kiganja chake chini, mara moja.

"Jamvi," akasema.

Baba yake aliweka viatu chini, akaingia, akaketi nyuma ya mlango. Alikaa mpaka tulipofunga kwa dua. Akiondoka alinipa mkono, akaniuliza ada ya Januari alipe kwangu ama ampelekee Maalim nyumbani.